Zinki ya kuharisha siyo dawa ya degedege (sehemu ya 4)

Mama zangu wa Mwandiga, swali limejirudia: "Sista, zinki zilizobaki mtoto alipoharisha, nimpe asipate degedege?"

Hapana. Na kwanza hazikutakiwa kubaki! Ni siku 10 hadi 14 pamoja na ORS, hata kama kuharisha kumekata siku ya tatu. Chini ya miezi 6 ni miligramu 10 kwa siku, zaidi ya hapo 20.

Kwenye ubongo mambo ni mengine. Baadhi ya seli za fahamu zina zinki yake ndani. Degedege likirefuka, zinaimwaga nje, inaingia kwenye seli jirani. Hizo hujitetea, zinatengeneza protini za kuikamata, lakini zikizidiwa zinakufa. Mengi ya haya yameonekana kwa panya wa maabara. Kidonge hakizuii hilo, wala msiogope, hakileti degedege.

Kwa hiyo mimi nasema tugombanie dakika. Mlaze ubavu, legeza nguo, tazama saa. Kijiko mdomoni usitie, usimnyweshe kitu. Jirani atafute bodaboda papo hapo. Likipita dakika 5 ni hatari kubwa, anahitaji dawa ya kulikata. Likikata lenyewe, bado mlete apimwe malaria.

Kufukiza kinyesi cha tembo, kumwogesha mkojo... bibi zetu walifanya kwa upendo, siwacheki. Ila huo moshi ukimalizika, saa nzima imeshapita, na mtoto bado anakaza.