Wastani Unamdanganya Daktari wa Meno

Nyanya yangu wa Magwagwa, kule Nyamira, ana meno ya bandia ya chini anayovaa kanisani tu. Akirudi nyumbani anayavua ndipo ale. Jamani, meno ya kuvuliwa wakati wa kula! Kliniki moja ilichukua umbo la ufizi wake, ikachukua na pesa, ikampa meno yanayoelea mdomoni kila anapotafuna. Alirudi mara mbili, wakayakwangua kidogo. Nauli juu yake. Hakuna aliyepima mfupa uliobaki chini ya ule ufizi.

Na kupima huko si uganga. Mwaka 1999, American College of Prosthodontists, chama cha mabingwa wa meno ya bandia wa Marekani, kilitoa utaratibu wa kuwapanga watu wasio na jino hata moja katika madaraja manne. La kwanza ni rahisi, la nne gumu kabisa. Huangaliwa hasa mambo manne: urefu wa mfupa wa taya la chini kwenye eksirei, jinsi taya la juu na la chini yanavyokutana, umbo la ufizi wa juu, na mahali misuli inaposhikia. Mfupa wa milimita 21 kwenda juu ni daraja la kwanza. 16 hadi 20 la pili, 11 hadi 15 la tatu, na 10 kwenda chini la nne.

Sasa sikilizeni, wenzangu mnaoandika programu, maana hapa ndipo tunapoharibu. Kanuni inasema kigezo kimoja tu kikiangukia daraja gumu, mgonjwa mzima anaingia daraja hilo. Yaani max(), si avg(). Mwenye 1, 1, 1 na 4 ni wa 4. Ukipiga wastani unapata 1.75, na skrini inamwonyesha daktari rangi ya kijani. Nimeiona hiyo kwenye programu ya kliniki. Nimeiona kwa sababu niliiandika mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini, nikajiona fundi.

Kuna baya zaidi. Sehemu isiyojazwa niliipa 0. Basi huyo huyo wa 1, 1, 1 akikosa eksirei anapata 0.75. Aliyechunguzwa kidogo ndiye anayeonekana rahisi! Na nani hukosa eksirei ya taya zima? Si mtu wa Nairobi.

Najua jibu la wakubwa wa miradi: fomu iwe fupi, muuguzi ana foleni. Fomu fupi mbona tunazo? Kwenye MOH 705, ripoti ya kila mwezi ya wagonjwa wa nje inayokwenda Wizara ya Afya, magonjwa ya meno yana mstari mmoja. Jino lililotoboka la mtoto na taya lililoyeyuka la ajuza huhesabiwa moja, moja. Huduma zetu za afya tumezipanga ngazi 1 hadi 6, lakini mgonjwa wa meno anayepandishwa ngazi hapandi na namba yoyote ya kusema kwa nini. Halafu tunajivunia kwamba OpenMRS ilianza kazi Eldoret mwaka 2006. Tujivunie, ni haki yetu, lakini programu ile ina nafasi ya kuweka chochote tunachotaka. Hatujataka.

Wengine husema bila eksirei haiwezekani. Si kweli. Katika yale mambo manne, matatu huangaliwa kwa macho, kioo na kidole kilichovaa glavu. Na kwa kuwa kigezo kimoja kinatosha, afisa wa afya ya kinywa anaweza kumtambua mtu wa daraja la nne kabla mashine haijawashwa. Kisichopimwa kiandikwe hakijapimwa, yaani null, na null isigeuzwe namba. Mgonjwa mwenye null asitozwe pesa za meno mpaka apimwe.

Ile programu niliirekebisha. Mistari sita tu, chini ya saa moja. Kubishana na mteja kulichukua wiki tatu. Hakukana kwamba hesabu ni sahihi; malalamiko yake ni kwamba sasa wagonjwa wengi mno wanatokea wekundu na wanaambiwa waende kwingine.