MAGAZIJUTO ina mtego

Ndugu Mhariri,

Hapa Kanyosha, watoto waliowahi kusoma Tanzania huja na MAGAZIJUTO: mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Inakaa kichwani upesi, ila mwishoni ina mtego. Mpe mtoto 10 − 4 + 3. Akishika herufi tu, atajumlisha 4 na 3 kwanza, kisha atoe jumla hiyo kwenye 10, apate 3. Jibu ni 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na hufanywa kwa zamu, kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo, ingawa huko kutanguliza kugawanya hakumponzi mtu.

Mashine nazo hazikubaliani. Nunua sabuni ya faranga 2,000 na mikate 3 ya 500. Ukibonyeza 2,000 + 3 × 500, simu nyingi zitasema 3,500. Kikokotoo kidogo cha dukani, kinachohesabu papo hapo kila unapobonyeza alama, kitadai 1,001,500. Kwa mikate mitatu!

Naomba waandishi wa vitabu wachape GA na ZI kwenye mstari mmoja, JU na TO kwenye mwingine, na mshale wa kwenda kulia chini ya kila mstari.

Msomaji wako,
Kanyosha, Bujumbura