Mwanafunzi haahirishwi

Nimekuwa kimya siku kadhaa, majukumu yamenibana. Leo nimerudi na neno moja tu linaloniwasha: KUAHIRISHA.

Ni neno lenye adabu zake. Harusi ikiahirishwa, bibi na bwana bado wapo. Mechi ya Simba na Yanga ikiahirishwa, Simba itabaki Simba na Yanga itabaki Yanga, tutachambana tu siku nyingine. Lakini ahirisha mashindano ya wanafunzi mwaka mmoja, ongeza na wa pili, halafu nenda kamtafute yule mwanafunzi. Hayupo! Kamaliza, karudisha joho la kukodi, yuko mtaani na bahasha ya vyeti anatafuta kazi.

Ndiyo maana nilipokaa kufuatilia yaliyoikuta michezo ya vyuo vikuu huko Ulaya mwaka 2020 na 2021 nilipandwa na hasira. Kila tangazo nililosoma lilisema mashindano "yameahirishwa". Mimi nasema kwa mwanafunzi hakuna kitu kinachoitwa kuahirisha. Kuna kufanya na kuna kufuta, basi.

Tuwekane sawa kwanza, maana huku kwetu jambo hili halizungumzwi sana. Ulaya wana chama chao cha michezo ya vyuo vikuu, kinaitwa EUSA. Kilianzishwa Vienna mwaka 1999 na ofisi yake iko Ljubljana, Slovenia. Tangu mwaka 2001 kinaandaa ubingwa wa Ulaya wa vyuo, mchezo mmoja mmoja, kila mchezo katika mji wake. Mwaka 2012 wakaongeza kitu kikubwa zaidi pale Córdoba, Hispania: michezo mingi kwa pamoja, katika mji mmoja, kila baada ya miaka miwili. Wakaenda Rotterdam 2014, Zagreb na Rijeka 2016, Coimbra 2018. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya Belgrade, Serbia.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba korona sasa ni janga la dunia. Milango ikafungwa. Ligi za vyuo vya Uingereza zikasimama. Mashindano ya makasia ya Oxford na Cambridge, yaliyoanza mwaka 1829, yakafutwa kwa mara ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili. Belgrade wakasema hawawezi, tuonane 2021.

Hapo sina ugomvi na mtu! Watu walikuwa wanakufa Bergamo, wanakufa Madrid, majeneza yanabebwa na magari ya jeshi. Anayesema mwezi Aprili 2020 vijana wangeachwa wacheze mpira wa kikapu hana utu. Kufunga kulikuwa sahihi. Ugomvi wangu unaanza pale milango ilipoanza kufunguliwa. Nani alifunguliwa kwanza, na nani aliachwa nje?

Mnakumbuka wenyewe. Tarehe 16 Mei 2020 ligi ya Ujerumani ikarudi. Tarehe 17 Juni ligi kuu ya Uingereza ikarudi, na sisi tukarudi vibandani kuangalia viwanja vitupu na kelele za kuwekewa. Agosti ikapatikana hadi njia ya kumaliza Ligi ya Mabingwa: timu nane zikapelekwa Lisbon, zikacheza mechi moja moja, na tarehe 23 Bayern akambeba PSG bao moja. Safi kabisa. Kumbe pakiwa na nia, njia inapatikana!

Novemba 2020 korona ikarudi kwa nguvu. Ujerumani wakapiga marufuku michezo ya ridhaa, lakini ya kulipwa ikaendelea bila watazamaji. England ikafungwa tarehe 5 Novemba, na mpira wa mamilioni ukaruhusiwa. Siku hiyohiyo Chuo Kikuu cha Manchester kikazungushia uzio wa chuma mabweni ya wanafunzi kule Fallowfield. Vijana wakaung'oa usiku uleule, na chuo kikaomba radhi. Ada ya mwanafunzi Mwingereza mwaka huo ilikuwa ileile, pauni 9,250. Ndani ya mji huohuo mmoja City na United wanaendelea na ligi, na kijana aliyelipa ada kamili anatazama chuma dirishani.

Mtaniambia, "wale ni mabilionea, wana fedha za kupima wachezaji kila baada ya siku mbili tatu." Sawa, nakubali hoja hiyo kwa mwaka 2020. Sasa twende 2021.

Kiangazi cha 2021 UEFA waliendesha Euro yao katika miji 11, kuanzia Baku hadi Glasgow. Fainali ya Wembley tarehe 11 Julai ilikuwa na watu zaidi ya 60,000. Na Belgrade je? Mwanzoni mwa Julai mji huo ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya kufuzu Olimpiki ya mpira wa kikapu, Italia wakaja wakawafunga Waserbia mbele ya watu wao. Agosti na Septemba Serbia ilikuwa miongoni mwa nchi wenyeji wa ubingwa wa Ulaya wa mpira wa wavu kwa wanawake, na fainali ikapigwa Belgrade tarehe 4 Septemba. Na katikati hapo, ile michezo ya wanafunzi iliyohamishiwa kiangazi hichohicho, katika mji huohuo? IMEFUTWA.

Nasoma naambiwa sababu ni korona. Jamani, korona ya Belgrade ilikuwa inauliza kitambulisho cha chuo?

Kama huo ni mfano mmoja tu na mnaona naonea watu, nipeni nafasi niwape wa pili. Shirikisho la dunia la michezo ya vyuo, FISU, lilikuwa na michezo ya majira ya baridi pale Lucerne, Uswisi. Ilipangwa Januari 2021, ikasogezwa hadi tarehe 11 Desemba 2021. Mwishoni mwa Novemba wanasayansi wa Afrika Kusini wakaitangazia dunia aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron. Shukrani waliyopata ni kufungiwa mipaka. Uswisi ikaweka karantini kwa wanaotoka nchi kadhaa, na tarehe 29 Novemba michezo ya Lucerne ikafutwa, zikiwa zimebaki siku 12.

Sasa sikilizeni. Tarehe 4 Desemba Uswisi ikaondoa karantini ile na kuweka masharti ya vipimo. Tarehe 11 Desemba, siku ileile ambayo wanafunzi wangefungua michezo yao, wanawake wa kulipwa walikuwa wanateleza kwenye theluji kugombea Kombe la Dunia pale St. Moritz. Nchi moja, siku moja, theluji ileile. Naelewa kwamba waandaaji wa Lucerne hawakuwa waaguzi, tarehe 29 wasingejua ya tarehe 4. Lakini na wale wa St. Moritz hawakujua! Tofauti ni kwamba wao walisubiri na kupambana hadi dakika ya mwisho, kwa sababu nyuma yao kuna televisheni, kuna wadhamini, kuna mikataba. Nyuma ya mwanafunzi kuna nani?

Hapa ndipo nataka tupige hesabu. Kwa makubaliano ya Bologna ya mwaka 1999, shahada ya kwanza katika nchi nyingi za Ulaya ni miaka mitatu. Chukua binti aliyeingia chuo Oktoba 2018. Simpi jina kwa sababu ni maelfu. Michezo ya Coimbra ilishapita Julai ile. Analenga Belgrade 2020. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafanya mazoezi kabla ya darasa, anachanga na wenzake fedha za safari. Wanamwambia subiri 2021. Anasubiri, yuko mwaka wa tatu sasa, mwaka wa mwisho. Wanamwambia imefutwa, karibu Łódź 2022. Kiangazi cha 2022 michezo ya Łódź ikafanyika kweli, picha zikapigwa, medali zikavalishwa. Yeye si mwanafunzi tena. Hakushindwa na mtu. Hakuumia. Alisubiri tu kama alivyoambiwa.

Na aliyelenga michezo ya dunia ya Chengdu, China? Ilipaswa kuwa 2021, ikapelekwa 2022, ikafanyika 2023. Aliyekuwa na miaka 23 ilipofika tarehe ya kwanza alikuwa na 25 ilipofika ya tatu.

Sasa lawama zangu nazigawa, maana si vizuri kupiga kelele hewani.

Serikali zina fungu lao. Ziligawa michezo mafungu mawili: ya kulipwa, ambayo ni "uchumi", na mingine yote, ambayo ni "burudani". Mwanafunzi akatupwa kwenye burudani pamoja na wazee wanaocheza tufe bustanini. Mfuko wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021 hadi 2027 una takribani euro bilioni 26, na fungu la michezo ndani yake halifiki euro mbili katika kila mia. Hapo wanagombania michezo yote ya ridhaa, si ya vyuo peke yake. Bajeti hiyo inakuonyesha unavyothaminiwa.

Vyuo navyo vina lenu. Kwenye vipeperushi vya kuvutia wanafunzi utaona picha za timu za makasia na viwanja vya nyasi. Wakati wa shida, ni vyuo vingapi vilisimama mbele ya waziri na kusema: hawa ni vijana wenye afya, wanaishi pamoja, tupeni masharti tutayafuata?

Na waandaaji wenyewe, ndugu zangu wa vyama vya michezo ya vyuo. Ninyi nawapenda na ndiyo maana nitawasema zaidi. Najua ofisi zenu ni ndogo, najua mnategemea watu wa kujitolea. Lakini kosa lenu ni kutaka kuwa Olimpiki ndogo. Michezo mingi, mji mmoja, wiki mbili, sherehe ya ufunguzi, mwenge. Katika mwaka mzuri inapendeza. Katika mwaka mgumu, amri moja ya serikali moja inaua kila kitu kwa mpigo mmoja, kuanzia judo hadi chesi. Na dawa mlikuwa nayo mikononi! Ule utaratibu wenu wa tangu 2001 wa mchezo mmoja, mji mmoja, ungeweza kuokoa nusu ya mashindano. Mji mmoja ukifungwa, mingine inaendelea. Watu mia mbili ni rahisi kuwapima na kuwaweka hoteli moja kuliko maelfu.

Kwamba inawezekana tuliona. Oxford na Cambridge mwaka 2021 hawakusema tuonane 2022. Walihama Mto Thames wakaenda Ely, tarehe 4 Aprili, bila watazamaji kandokando ya mto, wanaume kwa wanawake, Cambridge wakashinda zote mbili. Ndiyo, wale wana jina na wana kamera. Lakini kilichowaokoa ni uamuzi wa kupunguza sherehe ili wabaki na shindano.

Na Wamarekani, pamoja na mabaya yao yote kwenye michezo ya vyuo, walifanya jambo moja la haki. Machi 2020 NCAA ilikubali wanamichezo wa msimu wa masika waliopoteza mwaka wao warudishiwe, na baadaye wa misimu mingine nao wakafuata. Mwaka ule haukuhesabiwa kwao. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuahirisha: unasogeza tarehe na unamsogeza mtu pamoja nayo.

Basi madai yangu ni mawili tu, wala si makubwa. Moja, kila shirikisho la michezo ya vyuo liandike kwenye katiba yake sasa hivi, wakati hakuna janga, kwamba mashindano yakifutwa mwaka fulani, mwanafunzi aliyekuwa na sifa mwaka huo abaki na sifa hadi yatakapofanyika, hata kama ameshamaliza chuo. Mbili, kila anayeomba uenyeji wa michezo mikubwa aje na mpango wa pili mezani: tukifungiwa mji, kila mchezo utakwenda wapi? Asiye na mpango wa pili asipewe.

Najua kuna msomaji anasema, "Wewe uko Dar, ya Belgrade yanakuhusu nini?" Yananihusu. Shirikisho la michezo ya vyuo vikuu Afrika, FASU, makao yake ni Kampala, hapo jirani tu, nalo liko chini ya FISU ileile. Mtindo wa mji mmoja na sherehe kubwa ndio tunaoiga. Kama wao wenye treni za saa tatu kati ya nchi na nchi walishindwa, sisi wa kuchangishana nauli ya basi la siku mbili tutakuwa wageni wa nani mwaka mgumu mwingine ukija?

Na utakuja, kwa jina lingine. Wakati huo kuna binti mwingine atakuwa mwaka wa pili, anaamka saa kumi na moja alfajiri. Akiambiwa "tumeahirisha", aulize papo hapo: na mimi mmeniahirisha?

Kama kuna mdau aliyewahi kusoma Ulaya miaka ile na alikuwa kwenye timu ya chuo, tiririka hapa chini, nataka kusikia kutoka kwako. Na kama unaona naonea waandaaji, pia sema, kijiwe hiki hakina kufuli.

Nawasilisha.