Tabora, Mnamcheka Aliye Sahihi na Kumpigia Makofi Anayejiumiza

Kuna klipu ilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp mjini Tabora. Sekunde kama ishirini tu. Mdada mmoja, mwili kidogo umejaa, trakisuti na mtandio, yuko pembeni ya barabara ya kuelekea Kwihara asubuhi mapema. Anakimbia kidogo, anatembea. Anakimbia tena kidogo, anatembea. Kijana anayempiga video yuko juu ya bodaboda anacheka hadi simu inatikisika: "Dada, gari limezima nini?" Basi watu wakashusha vicheko, wengine wakamtengenezea na stika kabisa.

Hakuna aliyeuliza kwa nini alikuwa barabarani saa ile. Wanaomfahamu wanasema alikuwa ametoka kuambiwa habari za presha, akaamua kuanza mazoezi kabla hajaanza vidonge. Tangu klipu isambae, barabara ile haijamwona tena.

Kinachouma ni kwamba mdada alikuwa anafanya kitu sahihi kabisa. Kukimbia kidogo na kutembea kidogo siyo gari kuzima, wadau. Ndiyo namna anayeanza sifuri anavyotakiwa kuanza. Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Josh Clark, alitunga programu ya wiki 9 akimfikiria mama yake, mtu mzima asiyewahi kukimbia. Wiki ya kwanza ni hivi: unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia kwa dakika 20, siku 3 tu kwa wiki. Basi. Leo hata huduma ya afya ya taifa kule Uingereza inawapa watu wake programu hiyo hiyo ya wiki 9, na kuna watu kibao duniani wamefika kilomita 5 kwa njia hiyo, wakianzia kwenye kochi.

Sasa mtazame mkaka wetu maarufu wa mjini, yule mwenye wafuasi wengi na raba mpya kila mwezi. Siku ya kwanza kapiga kilomita 7 mfululizo, kapost ramani ya Strava, uso umelowa jasho, maneno matatu ya Kiingereza chini. Makopakopa yakamiminika. Siku ya tatu ugoko unauma, ila anakaza. Wiki ya pili karudi kwenye gari, na hakuna aliyeuliza mbio zimeishia wapi. Huyu mji ulimpigia makofi. Yule wa mtandio mji ulimcheka.

Mwili hausomi status ya mtu. Moyo na mapafu yanazoea mapema, ndani ya wiki chache unaona pumzi imekuwa ndefu, unajiona simba. Mifupa na kano za miguu ndizo zinazochelewa, zinataka miezi. Hapo katikati ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu pumzi inasema twende wakati ugoko bado haujawa tayari. Kipimo wala hakihitaji saa ya laki tatu: kama unakimbia na huwezi kumaliza sentensi moja ukiongea na mwenzako, umezidisha. Punguza. Ikibidi tembea. Tena Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na jua la Septemba na Oktoba kila mtu analijua. Ukitoka saa mbili asubuhi umeshachelewa. (Na mwenye presha apite kwanza kwa daktari amwambie anataka kuanza, siyo kuamka tu na kutimua mbio.)

Kingine kinachochekesha ni kwamba haya yanatokea Tabora, kati ya miji yote. Huu ni mji uliokua kwa miguu ya watu. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa ikipumzika hapa, Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliosifika njia nzima. Mtu anabeba mzigo wa kilo 30 hivi begani, pembe au majora ya vitambaa, karibu kilomita 800 kutoka pwani. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakaingia hapa Novemba. Miezi mitano hiyo. Waliondoka kambini alfajiri kukiwa na ubaridi, jua likipanda wanatafuta kivuli. Siku kadhaa wanatembea, siku nyingine wanalala tu.

Mbele alitangulia kirangozi, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Burton ameandika kuwa aliyethubutu kumpita alichomolewa mshale podoni, ili wakifika kambini ajulikane ni nani. Yaani wazee walikuwa na adhabu kabisa ya mtu anayejifanya ana spidi! Nyuma walikaa wanyapara, wakiwaangalia waliochoka na wanaotaka kutoroka. Na wanawake walikuwemo misafarani, wengine na watoto na masufuria yao, wanakanyaga njia ile ile. Kwa hiyo anayesema mwanamke barabarani asubuhi ni kioja, aulize kwanza bibi zake walifikaje pwani.

Njia ile haikuwa pikiniki, tusidanganyane. Wapo waliopitishwa humo wakiwa wamefungwa minyororo, na wapo waliofia njiani. Hilo siyo la kupambia picha. Lakini mwendo wenyewe, ule wa kidogo kidogo na kupumzika, ulikuwa ujuzi wa watu wa hapa, na leo wajukuu wao wanauita gari kuzima.

Mtu atasema, mbona Simbu? Kweli, Septemba 2025 kule Tokyo Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida hapo jirani, alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, hadi picha ya mstari wa mwisho ikaamua. Raha iliyoje. Ila watu waliona zile hatua za mwisho tu, kesho yake wakatoka nduki kutoka Cheyo kwenda Ipuli. Wakimbiaji wa daraja lile wenyewe sehemu kubwa ya mazoezi yao ni mwendo mwepesi, wa kupiga stori.

Halafu kuna mzee John Stephen Akhwari. Mexico 1968, aliumia goti katikati ya marathoni, akafungwa bandeji, akaendelea akichechemea na kutembea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Taifa zima linajivunia kumaliza kwake hadi leo. Huwezi kumpost Akhwari kila Olimpiki halafu umrekodi jirani yako kwa sababu kapumzika hatua ishirini.

Klabu za jogging zinaweza kulimaliza hili, kwa sababu tayari zina nyimbo, fulana na umati, na mtu akiwa ndani ya umati harekodiwi. Tatizo ni kwamba wenye nguvu wote wanakaa mbele kuongoza nyimbo, na mgeni wa siku ya kwanza anaachwa peke yake na vumbi. Wiki ya pili haji. Wawekeni wawili wenye pumzi wakae nyuma kama wanyapara, kazi yao iwe kutembea na anayetembea, na klabu isirudi uwanjani hadi hao wafike.

Klabu yenu ya Jumamosi, nyuma anakaa nani?