Sili Mpya, Uvujaji Ule Ule

Gari likiacha doa jeusi mahali lilipolala, hukumu hutolewa upesi: sili ya krenki imekufa, inunuliwe nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi ina nusu tu ya ukweli. Huenda sili imeshindwa kweli, lakini si lazima iwe ndiyo chanzo cha uharibifu. Fundi anayeibadili bila ya kuuliza kwa nini ilishindwa hujitayarishia kazi ile ile mara ya pili, na mwenye gari hulipa mara mbili.

Malipo hayo si ya kipuri. Krenki ni ule mhimili uliopindapinda unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Hutokeza kwenye ncha zote mbili za injini: mbele hushika puli, nyuma hushika flaiwili, na kila ncha huzungukwa na sili ili oili isitoke. Sili ya nyuma haifikiwi mpaka giaboksi ishushwe, klachi ifunguliwe na flaiwili itolewe. Ni kazi kubwa kwa ajili ya pete inayoenea kiganjani. Ya mbele hufikiwa kwa wepesi zaidi, lakini madhara yake yaweza kuwa makubwa. Katika injini nyingi oili inayovuja hapo hulowesha mkanda wa taimingi. Mkanda ukiharibika na kukatika, katika baadhi ya injini pistoni hugonga valvu.

Sili yenyewe ni pete ya chuma iliyovikwa mpira wenye mdomo mwembamba, na katika aina nyingi mdomo huo hukazwa na springi ndogo ya mviringo. Krenki yenye kipenyo cha milimita 50 mahali hapo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hupitisha uso wake chini ya mdomo huo kwa mwendo wa karibu mita 7.9 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya kilomita 28 kwa saa moja, hesabu ambayo mwanafunzi aweza kuihakiki kwa kanuni ya mzingo wa duara. Mpira hauteketi kwa sababu utando mwembamba mno wa oili huutenga na chuma.

Lakini mdomo huo haukuundwa kuzuia kani kubwa ya gesi, na hapa ndipo swali linalosahauliwa. Gesi za mwako hupenya kando ya pistoni na kushuka ndani ya injini. Zisipopata njia ya kutoka, kanieneo huongezeka na kuisukuma oili nje penye upinzani mdogo. Injini ya A-Series, iliyotiwa kwanza katika Austin A30 mwaka 1951 na baadaye katika Morris Minor, haikuwa hata na sili ya mpira nyuma. Ilikuwa na mfuo wa parafujo uliorudisha oili ndani krenki ilipozunguka. Bomba la kupumulia lilipoziba, injini hiyo ilivuja, na hapakuwa na sili ya kulaumiwa.

Tangu miaka ya 1960 magari mengi ya petroli yametiwa valvu inayozirudisha gesi hizo zikaungue tena. Ikiziba kwa masizi na utelezi, sili mpya haitadumu. Kuijaribu hakuhitaji maabara. Injini ikinguruma polepole, kifuniko cha kutilia oili hufunguliwa na karatasi nyepesi huwekwa juu ya tundu. Kwa kawaida karatasi huvutwa kidogo. Ikirushwa juu, tatizo litafutwe kwenye upumuaji au kwenye ringi za pistoni zilizochakaa. (Nguo na vidole viwe mbali na feni na mikanda.)

Kisa cha pili huwashangaza wanafunzi: mpira hula chuma. Vumbi likinasa mdomoni, pete laini huchimba mfuo kuizunguka krenki, na sili mpya ikikaa juu ya mfuo ule ule huvuja mapema. Yafaa mfuo ukaguliwe kwa ncha ya ukucha. Nafasi ikiruhusu, sili huingizwa kwa kina tofauti kidogo, ama krenki huvikwa bangili nyembamba ya chuma. Wengi, kwa haraka, hufanya kinyume: huichokonoa sili kuukuu kwa bisibisi na kuuongezea mfuo mikwaruzo.

Mazoea nayo yana hatari yake. Sili ya mpira wa kawaida hupakwa oili mdomoni kabla ya kuingizwa. Zile za teflon, zilizoenea katika injini za siku hizi, kwa kawaida huingizwa kavu, na watengenezaji wengi huagiza injini isiwashwe kwa saa kadhaa ili mdomo ujikalie. Fundi aliyezoea mpira, akiipaka oili sili ya teflon, aweza kuiharibu kwa desturi njema ya jana.

Ni kosa basi kuyaweka mambo haya katika karakana peke yake, na kanieneo katika darasa la fizikia peke yake, kana kwamba gesi ya kitabuni si hiyo inayorusha karatasi. Mwalimu aweza kuanza na takataka za gereji. Sili iliyotupwa ni ushahidi. Mdomo mgumu, uliopasuka, huonyesha joto na umri. Uliovimba na kulegea, kimiminiko kisichopatana na mpira. Uliochanika upande mmoja, mkono uliouingiza vibaya. Na ukiwa bado laini na mzima, fundi aliyekwisha kushusha giaboksi angepaswa kwanza kuitazama ile valvu.