Mama aliamka kwenye bei ya makala

Mimi si mchambuzi wa sinema. Naangalia kinachopita, mara nyingi na mama, umeme ukiwepo. The Lion King ya 1994 ilitufurahisha, ingawa ile "hakuna matata" nyumbani kwetu hakuna anayeisema. Viva Riva! ina kasi, naipenda, ila ni ya Kinshasa na ya Kilingala.

Iliyonishika ni Makala ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki, Cannes, mwaka 2017. Kabwita anakata mti, anachoma makala, anayasukuma kwa baiskeli mpaka Kolwezi. Inakwenda polepole mno; mama alisinzia. Walipofika kwenye kupatana bei akaamka, akaanza kumwambia Kabwita asikubali. Kiswahili kile ni chake.

Ndicho hicho tunachokiita "kibovu" humu kitivoni, chenye batu na bintu. Johannes Fabian alitoa kitabu kizima, mwaka 1990, juu ya mchezo wa kundi la Mufwankolo la hapa Lubumbashi. Sisi tunakipigia mstari mwekundu. Naomba kozi moja tu ambayo kwanza itakisikiliza.