Mpe Paka Nyama, Lakini Ipitie Sufuriani Kwanza



Siku ya kuchinja kondoo hapa Sachangwan, mgeni wa kwanza kufika ni paka. Hukaa karibu na mti uliotundikwa nyama, akalia na kulia mpaka mwenye kisu achoke naye, akate kipande cha pafu au wengu na kumrushia. Watoto hucheka. Paka hukimbia na kipande chake chini ya ghala, na watu husema habari imekwisha.

Maoni yangu ni kwamba habari haijaisha. Kipande kile kibichi chaweza kurudi zizini kwako baada ya miezi michache, katika sura ya wana-kondoo waliokufa tumboni mwa mama zao. Nataka kukueleza jinsi jambo hilo linavyotokea. Lakini nataka kukueleza pia kwamba dawa yake si kumnyima paka nyama, wala si kumfukuza. Dawa yake ni sufuria.

PAKA NI MFANYAKAZI WAKO

Wazee walisema, paka akiondoka panya hutawala. Mwenye mahindi ghalani au mbegu za viazi katika chumba chenye giza anajua ukweli wa maneno hayo. Paka hufanya kazi usiku, wala hadai mshahara. Hata hivyo wako wakulima wengi wanaosema, "Ukimlisha paka atakuwa mvivu, hatashika panya." Basi humwacha ajitafutie.

Jambo hilo lilichunguzwa zamani. Mwaka 1953 mtaalamu wa wanyama wa Oxford, Uingereza, jina lake Charles Elton, aliandika habari za paka wa mashambani. Aliona kwamba panya wakiisha kuondolewa katika majengo, paka wanaopewa maziwa kila siku hukaa hapo hapo na kuwazuia panya wasirudi. Asiyepewa kitu huenda zake. Wewe mwenyewe umeona: paka mwenye njaa halindi ghala lako, bali huenda kwa jirani kutafuta vifaranga, na kisha jirani anakuja kwako na maneno. Kuwinda ni tabia ya paka, awe ameshiba au ana njaa. Chakula ndicho kinachomfanya awinde nyumbani kwako.

Tena yafaa ujue kwamba paka si mbwa. Mbwa aweza kuishi kwa ugali na mabaki kidogo. Paka hawezi. Mwili wake wahitaji kitu kiitwacho taurini, ambacho hukipata katika nyama na samaki. Katika mahindi na viazi hakimo. Wataalamu wa Marekani walionyesha mwaka 1975 kwamba paka akikosa taurini macho yake huharibika, na mwaka 1987 wakaonyesha kwamba moyo wake pia hudhoofika. Hata vitamini A, ambayo sisi twaweza kuitoa katika karoti na sukuma wiki, paka hawezi kuitoa humo. Lazima aipate kwa wanyama. Kwa hiyo anayempa paka wake ugali na maziwa tu anamfuga mgonjwa.

Basi nyama apewe. Ugomvi wangu ni juu ya nyama mbichi.

NJIA YA KONDOO, PAKA NA KONDOO

Kiko kidudu kidogo sana, kisichoonekana kwa macho, kiitwacho toksoplazma. Kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1908 huko Tunis na wataalamu Nicolle na Manceaux, katika mnyama mdogo wa jamii ya panya. Kidudu hicho hujificha katika nyama ya kondoo, mbuzi, nguruwe, kuku na panya. Mnyama mwenyewe aweza kuonekana mzima, na nyama yake ikaonekana safi. Hakuna jicho la mchinjaji liwezalo kukiona.

Paka akila nyama hiyo mbichi, hasa paka mchanga ambaye hajapata kuugua, vidudu huzaana matumboni mwake. Baada ya siku chache huanza kutoa mavi yenye mayai ya kidudu hicho, mamilioni kwa mamilioni, kwa muda wa majuma mawili hivi. Mayai hayo hukaa chini siku moja hadi tano, kisha yana nguvu ya kuambukiza. Mahali penye ubaridi na unyevu yaweza kuishi zaidi ya mwaka mzima. Na wewe unaijua hali ya hewa yetu ya huku juu, kutoka Salgaa mpaka Mau Summit na Molo: ubaridi na unyevu ndivyo tulivyo navyo.

Sasa fikiri paka hupenda kwenda haja wapi. Hupenda mahali pakavu, palaini, anapoweza kufukua na kufukia: juu ya majani makavu ya mifugo, katika pumba, katika nafaka iliyomwagwa chini. Kesho yake wewe wachukua majani yale yale au pumba ile ile na kuwapelekea kondoo wenye mimba.

Kondoo jike hubeba mimba miezi mitano hivi. Akiambukizwa mara ya kwanza mapema katika muda huo, mimba hufa na kupotea tumboni, nawe husema, "Huyu ni tasa," ukamwuza kwa bei ya chini. Akiambukizwa katikati, hutupa mimba, au huzaa mtoto aliyekauka. Akiambukizwa mwishoni, huenda akazaa mtoto dhaifu asiyeweza kusimama kunyonya. Mama mwenyewe hasemi kitu. Hula na kutembea kama kawaida. Tuseme una majike 20, na watano wakaharibu mimba. Ada ya shule ya mtoto wako ilikuwa katika matumbo ya hao watano.

Wazee waliopewa mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, hawakuambiwa jambo hili. Hatuwalaumu maofisa wa siku zile, kwa maana wataalamu wenyewe walikuwa hawajalijua. Kazi ya paka katika ugonjwa huu ilithibitishwa karibu na mwaka 1970. Lakini leo linajulikana, na mkulima wa leo hana udhuru.

Nisiseme uongo: si kila mimba iliyotupwa imetokana na paka. Iko brusela. Iko Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Ziwa Naivasha na kuandikwa na wataalamu mwaka 1931, ambayo huua wana-kondoo wengi kwa mara moja na kuwapata watu pia. Kwa hiyo majike wakianza kutupa mimba, usikae nyumbani ukimlaumu paka. Mwite ofisa wa mifugo upesi, ili sampuli zipelekwe maabara ya mifugo ya Nakuru.

NA WATU WA NYUMBANI

Kidudu hicho humpata mtu pia. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hata hajui. Bali mama mjamzito akiambukizwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni aweza kufa, au akazaliwa na hitilafu ya macho au ya ubongo. Kwa hiyo mjamzito asisaidie kondoo kuzaa, asishike mimba zilizotupwa, wala asizoe mavi ya paka. Mboga za bustani zioshwe vizuri, na nyama ya kula iive mpaka ndani. Lakini asimwogope paka kwa kumwona amelala mekoni. Kumgusa tu si hatari kubwa. Hatari ni mavi yake, udongo wake, na nyama isiyoiva. Mikono ioshwe kwa sabuni.

Huko mijini na ng'ambo wako watu wanaowapa paka nyama mbichi kwa makusudi, wakisema paka wa porini hapiki. Ni kweli hapiki. Lakini paka wa porini halali juu ya pumba za kondoo wako. Tena nyama mbichi ina mengine. Mwaka 2024, huko Texas, Marekani, paka wa mashamba ya ng'ombe walikufa baada ya kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe walioambukizwa mafua ya ndege. Desemba ya mwaka huo huo, katika jimbo la Oregon, paka wa nyumbani alikufa kwa ugonjwa huo baada ya kula nyama mbichi ya batamzinga iliyonunuliwa kama chakula cha paka. Kama chakula cha dukani cha nchi tajiri chaleta kifo, sembuse pafu la kutupwa?

JINSI YA KUFANYA

Kazi yenyewe si kubwa. Fanya hivi:

1. Siku ya kuchinja, weka kando mapafu, wengu, moyo na vipande visivyoliwa na watu. Moyo ni mzuri sana kwa paka. Kata vipande vidogo, tia maji kidogo, na uchemshe nusu saa tangu maji yaanze kutokota. Huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, ndiyo maana maharagwe yetu hukawia. Lakini kidudu hiki hufa nyuzi 67, hivyo nusu saa yatosha.

2. Mchuzi usiumwage. Taurini nyingine huingia katika maji ya kuchemshia, basi mpe paka nyama pamoja na mchuzi wake. Waweza kuchanganya na ugali kidogo, mradi nyama iwe nyingi kuliko ugali.

3. Usitie vitunguu wala usimpe mabaki ya mchuzi wenye vitunguu. Vitunguu huharibu damu ya paka.

4. Mifupa iliyopikwa usimpe, kwa kuwa huvunjika kama vigae na kumchoma. Ini mpe kidogo, mara moja au mbili kwa juma. Akila ini kila siku mifupa yake huharibika.

5. Kama hujachinja, nunua omena na uwachemshe. Samaki mbichi asimpe mtu paka siku zote, maana wako samaki ambao wakiliwa wabichi huondoa vitamini B1 mwilini, na paka akapata kifafa.

6. Kondo la nyuma na mimba zilizotupwa zichomwe au zifukiwe shimo refu, mbali na paka na mbwa. Vaa mifuko mikononi.

7. Pumba, chumvi na nafaka za kondoo zifunikwe. Paka alinde ghala la mahindi, lakini chumba cha chakula cha kondoo kiwe na mlango unaofungwa.

Nimetaja mbwa. Umepata kuona katika mapafu au ini la kondoo mifuko myeupe yenye maji? Hiyo ni mitoto ya tegu. Paka hana kosa hapo. Ni mbwa anayeila, kisha mavi yake yakaleta mifuko hiyo hiyo katika maini ya watu. Waturkana wameteswa sana na ugonjwa huo. Basi sufuria ya paka na iwe ya mbwa pia.

Liko jambo moja ambalo sufuria haliwezi. Mnyama aliyekufa ghafula, damu ikimtoka puani au nyuma, usimpasue, usimle, usimpe paka wala mbwa, hata kwa kupika. Yaweza kuwa kimeta, na mbegu za kimeta hazitishwi na maji ya moto ya jikoni. Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati zaidi ya 100 katika mbuga ya Ziwa Nakuru, nasi si mbali na hapo. Mwite ofisa wa mifugo.

NENO LA MWISHO

Utaniuliza, "Je, panya? Si paka hula panya mbichi, na panya ana kidudu hicho?" Ni kweli, na huwezi kumpikia paka panya. Ndiyo maana nimesema ufunike chakula cha kondoo. Ndiyo maana pia yafaa uwe na paka mmoja au wawili wazima waliohasiwa, kuliko kundi la paka wachanga wasio na hesabu. Paka mzima aliyekwisha kuugua mara moja kwa kawaida harudii kutoa mayai mengi. Watoto wa paka ndio wanaoyamwaga kila msimu. Mlango wa panya hatuwezi kuufunga wote. Mlango wa nyama mbichi uko mkononi mwako, pamoja na kisu.

Wengine watasema, "Kuni ni ghali, na huyu ni paka tu." Nami najibu: sufuria hiyo huwekwa juu ya moto uliokwisha kuwashwa kwa chakula cha watu, haidai kuni zake peke yake. Pima nusu saa ya moto na mwana-kondoo mmoja, uone kipi ni kizito.

Basi, ndugu mkulima, siku nyingine paka akikulilia penye nyama, usimrushie kitu. Mwambie angoje kama watoto wanavyongoja. Chakula chake kitakuja kikiwa kimeiva.